SSD mbili zilisingiziwa: kisa cha klonu iliyokwama palepale

Kisa hiki ni cha laptopu ya steshenari moja ya Morogoro, jirani na hosteli za wanafunzi. Mchana inachapa, inaskani na kupokea tasnifu kutoka kwenye flashi za kila aina. Jioni mwenye duka anaingiza mauzo kwenye programu ya stoo na hesabu. Ndani yake kulikuwa na diski ya kuzunguka ya GB 500, inchi 2.5, mizunguko 5,400 kwa dakika. Windows 10 iliwekwa kwa njia ya UEFI, ule mfumo wa kisasa wa kuwashia kompyuta, kwa hiyo jedwali la patisheni (orodha ya vyumba vya diski) ni la aina ya GPT: mwanzoni patisheni ndogo ya EFI, kisha C:, na mkiani kabisa patisheni ya kujiokoa ya Windows isiyofika hata GB 1.

Mashine ilikuwa imekuwa nzito kiasi kwamba mteja anafika, anasubiri, anaenda duka la pili. Mwenye duka akanunua SSD, diski ya chipu isiyozunguka, ya SATA ya GB 480 na kumpa fundi wa jirani. Fundi yule alifuata njia ambayo wengi wetu huanza nayo: akachomeka SSD kwa adapta ya USB, akafungua programu ya kukloni, yaani ya kunakili diski nzima kwenda nyingine, ndani ya Windows hiyohiyo, akachagua diski ya kutoa na diski ya kupokea, akaanzisha. Kazi ikaenda, kasi ikaporomoka, kisha ikakata kwa kosa namba 23, kosa la data la CRC. Akarudia, ikakata tena. SSD ikarudishwa dukani, ikaletwa nyingine ya chapa tofauti. Nayo ikakata. Mwisho akaendesha `chkdsk /r` usiku kucha ili "kusafisha diski", na asubuhi mashine ikawa nzito kuliko jana yake.

Hapo ndipo ilipoletwa kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii SSD ya pili, nayo naambiwa mbovu. Sasa mimi ninunue ngapi?"

"Ile ya kwanza ilikwama ikifika wapi? Na hii?"

"Kijana alisema zote zinafika thelathini na kitu kwa mia, zinaganda."

Jibu hilo lilibeba nusu ya uchunguzi. SSD mbili za viwanda tofauti haziwezi kukubaliana kuharibika katika asilimia ileile. Kitu pekee kilichobaki kilekile katika majaribio yote kilikuwa diski ya zamani, pamoja na adapta. Adapta mbovu hukata ovyoovyo, leo mwanzoni, kesho karibu na mwisho. Ikikatika palepale kila mara, kuna mahali pamoja pasiposomeka.

Kwa nini basi lawama iliiangukia SSD?

Fundi wa kwanza hakuwa mzembe. Alikuwa na ushahidi wa aina tatu, na kila mmoja ukiutazama haraka unaelekeza kwenye SSD.

Wa kwanza ni kasi. SSD za bei nafuu hazina kasi moja mwanzo hadi mwisho. Chipu zake ni za TLC au QLC, yaani kila seli inabeba biti tatu au nne, na uandishi wa namna hiyo ni wa polepole. Kiwanda huficha upole huo kwa kutenga sehemu ya seli ziandikwe biti moja moja kwa muda, na hapo ndipo zinatoka zile MB 400 na zaidi kwa sekunde zinazoandikwa kwenye boksi. Sehemu hiyo ikijaa, kasi inaweza kuanguka chini ya MB 100. Kukloni ni uandishi mrefu usio na mapumziko, kwa hiyo ni rahisi kulifikia anguko hilo. Kasi kushuka baada ya makumi ya GB ni tabia ya kifaa hicho, si ugonjwa.

Wa pili ni lile neno CRC. Wengi tumelizoea kwenye kebo: data imeharibikia njiani, badilisha waya. Lakini Windows hutoa kosa namba 23 pia pale diski yenyewe inaposema "sekta hii siwezi kuisoma", sekta ikiwa ni kipande kidogo cha diski. Na anayesoma katika kukloni ni diski ya zamani. SSD inaandika tu.

Wa tatu, na kwa maoni yangu ndio unaopotosha kuliko yote, ni SMART, kipimo cha afya ambacho diski hujipima yenyewe. Diski ya zamani ilikuwa inajibu kwamba imefaulu. Majibu hayo ya jumla hutolewa kwa kulinganisha namba na mipaka aliyoiweka mtengenezaji mwenyewe, na mipaka hiyo ni ya ukarimu mno. Diski inaweza kuwa na sekta mia zisizosomeka na bado ikasema imefaulu. Fundi anayeishia kwenye mstari huo hajapima kitu.

Kabla ya kufungua hata skrubu moja nilisoma shajara ya Windows. Kwenye Event Viewer, upande wa System, tafuta matukio yenye chanzo "disk". Tukio namba 7 ni sekta mbovu. Namba 153 ni ombi la kusoma au kuandika lililobidi lirudiwe. Muhimu zaidi ni kwamba ndani ya ujumbe wa namba 7 kuna jina la diski husika, Harddisk0 au Harddisk1, na namba hiyo ndiyo ileile unayoiona kwenye Disk Management. Laptopu hii ilikuwa na safu ndefu ya tukio namba 7, zote za Harddisk0, diski ya ndani, na saa zake zilioana na saa za kukloni. SSD ilipokuwa kwenye USB iliitwa Harddisk1, na haikuwa na hata moja. Wala hakukuwa na tukio namba 129, ambalo hutokea kifaa kinapogoma kujibu mpaka Windows inakiwasha upya. Hilo lingenirudisha kwenye adapta au umeme wake. Mlango wa USB 2.0 umepangiwa miliampia 500 tu, na SSD fulani huvuta zaidi ya hapo zinapoandika kwa nguvu, kwa hiyo si jambo la kupuuza. Ila hapa halikuwapo.

Kisha SMART, lakini safari hii mstari kwa mstari. Kwenye CrystalDiskInfo safu ya thamani ghafi hutoka kwa heksadesimali, mfumo wa kuhesabu kwa kumi na sita, usipoibadilisha, na nimeona watu wengi wakiisoma kama namba za kawaida. Mstari 05, sekta zilizokwisha kuhamishwa, ulisomeka 30, yaani 48. Mstari C5, sekta zinazosubiri kuamuliwa, ulisomeka 88, yaani 136. C6 ilikuwa sawa na C5. C7, makosa ya njiani kati ya diski na ubao mama, ilikuwa sifuri, na hesabu ya C7 hairudi nyuma hata ukibadilisha kebo, kwa hiyo sifuri yake ina maana kwamba kebo ya ndani haina kesi.

C5 ndiyo mstari wa kuuangalia. Ni sekta ambazo diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa, na haiwezi kuzihamishia kwenye akiba kwa sababu haijui kilichokuwamo. Inasubiri mtu aandike kitu kipya juu yake; hapo ndipo itaamua kama sehemu ile bado inafaa au iachwe. Mpaka hapo, kila programu itakayopita na kutaka kusoma itapigwa kosa. Namba 136 inagawanyika kwa nane bila baki, 17, na hilo linaeleweka: diski za kizazi hiki zina sekta halisi za baiti 4,096 zinazojionyesha kwa kompyuta kama nane za 512. Uharibifu wenyewe ulikuwa sehemu kumi na saba, si zaidi ya KB 70, lakini programu ya kukloni ikikutana na ya kwanza tu, basi.

Kuhusu ile `chkdsk /r`: amri hiyo inalazimisha kila sekta isomwe, na kwenye diski inayokufa hiyo ni kumkimbiza mgonjwa ngazi. Zaidi ya hapo inaandika orodha ya vishada vibovu (mafungu ya sekta) ndani ya mfumo wa faili, na orodha hiyo ilikuja kuleta kesi nyingine baadaye. Siendeshi `chkdsk` ya kuandika juu ya diski yenye C5 isiyo sifuri. Kwanza data itoke.

SSD ya pili nayo niliipima, ili suala hilo lifungwe. Niliichomeka moja kwa moja kwenye mlango wa SATA wa desktopu, nikaifomati, nikaijaza yote kwa H2testw na kuisoma tena. Kipimo hiki kinajibu maswali mawili kwa mpigo: je, ukubwa wake ni wa kweli, kwa maana vifaa feki vinavyojitangaza GB 480 huku ndani vina robo yake vipo sokoni, na je, kilichoandikwa kinarudi kama kilivyo. Kasi ilianguka baada ya muda kama nilivyotarajia. Kosa halikutokea hata moja. Mama akapigiwa simu: SSD yako nzima, usinunue nyingine.

Nikamuuliza pia kwa nini asikubali Windows iwekwe upya, nihamishe nyaraka tu. Kwangu hilo ndilo chaguo la kwanza diski ya zamani inapokuwa na sekta zisizosomeka: unapata mfumo safi badala ya kubeba majeraha. Ila programu ya stoo iliwekwa na mtu aliyeihama Morogoro, faili la kuisimika halipo, na leseni yake imefungwa kwenye usimikaji ule. Basi ilibidi mfumo wote uhamishwe. Nikahakikisha kwa `manage-bde -status` kwamba C: haijasimbwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data. Ingekuwa imesimbwa, ningehitaji ufunguo wa kurejesha kabla ya lolote, kwa sababu vifaa vya Linux vingeona fujo tupu mahali pa NTFS, mfumo wa faili wa Windows.

Kunakili diski inayokufa

Programu za kawaida za kukloni zimejengwa juu ya imani kwamba chanzo ni kizima. GNU ddrescue imejengwa juu ya imani tofauti. Ni kama mtu anayenakili daftari lililonyeshewa: anaruka kurasa zilizogandana, anamaliza zinazofunguka, kisha anarudi kuzibandua zilizobaki moja moja. Kila anachofanya anakiandika kwenye faili la ramani, kwa hiyo umeme ukikatika anaendelea pale alipoishia. Kwa mazingira yetu, faili hilo la ramani peke yake linatosha kuwa sababu ya kuitumia.

Nilitoa diski kwenye laptopu na kuichomeka kwenye SATA ya desktopu iliyo na UPS. Adapta ya USB sikuitumia, kwa sababu nyingi zikikutana na sekta mbovu hukata mawasiliano yote badala ya kurudisha kosa na kuendelea. Pembeni nikachomeka diski nzima ya TB 1 ya kufanyia kazi, nikawasha Linux ya kwenye flashi. SSD ikabaki mezani, haikuwa imefikiwa zamu yake.

Hatua ya hatari hapa ni kuchanganya diski. Herufi za Linux, sda na sdb, hubadilika kulingana na kilichotangulia kuonekana, kwa hiyo ninatambua kwa namba ya utambulisho (serial) iliyobandikwa kwenye diski yenyewe:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`

Kisha raundi ya kwanza, ya haraka, isiyong'ang'ania sehemu ngumu:

`ddrescue -f -d -n /dev/sdb /dev/sdc /mnt/flashi/steshenari.map`

Chanzo kinatangulia, mpokeaji anafuata. Ukigeuza, hakuna cha kuokoa tena. Faili la ramani nililiweka kwenye flashi ya pili, si ndani ya Linux yenyewe, maana Linux ya kwenye flashi huishi kwenye RAM na ikizimika inasahau kila kitu. Diski nzima ya GB 500 inayotoa kama MB 90 kwa sekunde ingemalizika kwa saa moja na nusu hivi. Hii ilienda vizuri, ikakaribia theluthi, ikaanza kutambaa, ikaruka, ikaendelea. Theluthi ileile.

Raundi ya pili ilikuwa na `-r3` badala ya `-n`, yaani rudia sehemu zilizoshindikana mara tatu. Hapo unaiacha usiku. Asubuhi kilichobaki hakijasomeka kilikuwa chini ya KB 100 kati ya GB 500 nzima.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha: pale ddrescue ilipokosa kusoma, haiandiki kitu kwa mpokeaji. Kama diski ya kazi ilishawahi kutumika, mabaki yake ya zamani yanabaki katika sehemu hizo na kujifanya ni data ya mteja. Ndiyo sababu nilitumia hali ya kujaza, `--fill-mode=-`, kuandika neno moja la ajabu katika kila sehemu iliyokosekana. Baadaye nikaifungua C: ya nakala kwa kusoma tu na kutafuta neno hilo ndani ya mafaili yote. Faili lenye neno hilo ndilo lililopoteza kipande. Utafutaji unachukua saa kadhaa, lakini unabadilisha "huenda kuna vitu vimeharibika" kuwa orodha yenye majina.

Orodha ilikuwa fupi: faili la kumbukumbu ya ziada la Windows, ambalo halina thamani mashine ikizimwa, akiba ya kivinjari, faili moja la mfumo ndani ya folda ya WinSxS, na PDF mbili za skani za wateja. Hifadhidata ya stoo haikuguswa. Hata hivyo niliisubiri mpaka mwisho kabisa kuamini, mama alipolinganisha mauzo ya wiki ya mwisho na vitabu vyake vya risiti.

Kuanzia hapo diski ya zamani haikuwashwa tena. Kazi yote iliyofuata ilifanyika kwenye nakala.

GB 20 zilizopungua

Hata diski ile ingekuwa nzima, klonu ya kwanza bado ingeweza kugoma kwa sababu ya pili iliyokuwa imejificha nyuma ya ile ya kwanza. GB 500 haiingii ndani ya GB 480. Diski ya GB 500 ina sekta 976,773,168. SSD ya GB 480 ina sekta 937,703,088. Tofauti ni sekta 39,070,080, kama GB 20. Mama alikuwa ametumia kama GB 170 tu, lakini programu inayonakili sekta kwa sekta haijali kilichotumika. Na hata ile inayojua kupunguza C: inasumbuliwa na patisheni ya kujiokoa iliyokaa mkiani, nje ya mipaka ya SSD.

Ilibidi C: ipunguzwe. Nilijaribu kwa GParted ikakataa: mfumo wa faili una vishada vibovu. Hapo ndipo orodha iliyoachwa na `chkdsk /r` iliponidai. Orodha hiyo huhama pamoja na nakala, kwa hiyo diski ya kazi, ambayo ni nzima, ilikuwa inajitangaza mbovu kwa makosa ya mwenzake. Ningeipeleka hivyohivyo kwenye SSD, siku mtu akiendesha `chkdsk` angeona KB kadhaa za sekta mbovu kwenye SSD mpya na tungerudi dukani kwa mara ya tatu.

Dawa ni `chkdsk /b`, inayopima upya kila kishada kilichopigwa alama na kukifuta kwenye orodha kikionekana kizima. Nilichomeka diski ya kazi kwenye desktopu yenye Windows, bila ile ya zamani kuwepo. Nakala kamili ina vitambulisho sawa na vya diski ya asili, na Windows ikiona mbili zenye kitambulisho kimoja huiweka mojawapo nje ya huduma, au hukibadilisha kitambulisho. Vyote viwili ni usumbufu. Jedwali la GPT nalo lilihitaji kurekebishwa, kwa kuwa nakala ya akiba ya jedwali hilo hukaa kwenye sekta ya mwisho ya diski. Ukihamisha GB 500 kwenda TB 1, akiba hiyo inajikuta katikati ya diski. `sgdisk -e` huipeleka mwisho panapostahili.

Baada ya `/b` kumaliza, C: ilipunguzwa hadi GB 300 bila ubishi. Uchu wa kuijaza SSD mpaka pomoni sina; kupanua baadaye ni kazi ya dakika mbili.

SSD ikafutwa kwa `blkdiscard`, ili ile data ya majaribio isibaki ikihesabiwa kuwa imetumika. Nikaitengenezea jedwali jipya la GPT na kunakili patisheni moja moja kwa GParted: EFI, C:, na ya kujiokoa nikaipachika ubavuni mwa C:. Patisheni ya EFI ikapewa alama zake za boot na esp. Kila moja ilianzia kwenye mpaka wa MiB 1, maana patisheni iliyokaa upande inaiandikisha SSD mara mbili kwa kazi moja.

Data ipo, Windows haiwaki

SSD ikaingia kwenye laptopu. Ujumbe wa kwanza ukawa kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Hilo lilikuwa jepesi: katika hangaika za mwanzo BIOS ilikuwa imegeuzwa kuwa Legacy, ambayo haijui kuwasha Windows ya GPT. Nikairudisha UEFI. Hali ya SATA nikaikuta AHCI kama ilivyokuwa, na nikaiacha. Ukiibadilisha hiyo bila kuiandaa Windows unapata skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na unaanza kuilaumu klonu kwa kosa la mpangilio.

Ujumbe wa pili ulikuwa skrini ya bluu yenye namba 0xc000000e. Hii nilikuwa naisubiri. Windows haitafuti mfumo wake kwa herufi C:. Faili la BCD ndani ya patisheni ya EFI linataja diski na patisheni kwa vitambulisho vyao vya GPT, na patisheni nilizozitengeneza upya kwenye SSD zina vitambulisho vipya. Kiwashio kinafika, kinauliza patisheni fulani iko wapi, hakuna anayeitika jina hilo. Data yote ipo na ni nzima. Wapo wanaofika hapa wakasema klonu imeshindikana na kuanza upya, wakati kilichobaki ni mistari michache.

Nikawasha kwa flashi ya kusimika Windows, nikabonyeza Shift na F10 kupata dirisha la amri, nikaingia `diskpart`, nikachagua patisheni ya EFI na kuipa herufi S kwa `assign letter=S`. Kabla ya kuendelea nikaangalia kwa `list volume` Windows yenyewe imepewa herufi gani, kwa sababu katika mazingira yale inaweza kuwa D au E. Hapa ilikuwa C, kwa hiyo:

`bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`

Ikajibu kwamba mafaili ya kuwashia yameundwa. Nikachomoa flashi, nikawasha, Windows ikapanda na ile picha ya ukuta ya mama na wajukuu wake.

Faili la WinSxS lililopoteza kipande lilirekebishwa kwa `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth` ikifuatiwa na `sfc /scannow`. Kwenye majukwaa mengi amri hizi mbili hutolewa kama sala ya kila ugonjwa. Hapa zilikuwa na kazi mahsusi, nilikuwa najua faili gani zinakwenda kurekebisha. Patisheni ya kujiokoa ilikuwa imepoteza anwani, nikaielekeza kwa `reagentc /setreimage` na kuiwasha kwa `reagentc /enable`. TRIM, amri inayoiambia SSD ni sehemu zipi hazitumiki tena, ilikuwa imewashwa. `chkdsk` ya kusoma tu ikaonyesha KB 0 kwenye sekta mbovu.

PDF mbili zilizoharibika niliziandika majina kwenye karatasi. Moja mama aliipata kwenye barua pepe aliyomtumia mteja. Ya pili ilikuwa cheti, mwenyewe akaitwa aje kuskaniwa tena bure.

Siku ya kuchukua mashine akaulizia diski ya zamani.

"Hii si ningeinunulia kasha la USB, nikawa naweka picha za harusi za wateja?"

"Hapana mama. Hiyo usiiwekee hata picha moja."

"Mbona inazunguka?"

Nikamwonyesha mstari wa C5 kwenye picha niliyoipiga siku ya kwanza. Tukakubaliana nikae nayo mpaka afunge hesabu za mwezi, kwa tahadhari, kisha arudishiwe ikiwa imepigwa alama. Kwa pesa ambayo angenunulia kasha nilimshauri anunue diski ya nje iliyo mpya, ya kuwekea bekapu ya stoo kila jioni, kwa kuwa SSD nayo hufa, na mara nyingi haitangulizi uzito wala kelele kama diski ya kuzunguka.

Kilichobaki wazi ni ile programu ya stoo. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya laptopu hii ni ya kizazi ambacho Windows 11 haikitambui rasmi. Mashine ijayo itakuwa mpya, na huko kukloni hakutasaidia kama leseni imefungwa kwenye hii. Mama ameanza kumtafuta aliyemsimikia, na wakati huo nimemtolea mauzo na stoo yote kwenye jedwali la Excel, ambalo programu yoyote nyingine inaweza kulipokea.